Sauti Moja, Masikio Mengi: Kwa Nini Muziki Huru Humtuliza Mmoja na Kumsumbua Mwingine

Basi la masafa marefu linaposimama Korogwe ili abiria wapate chakula, sauti huwa nyingi kuliko sahani. Kibanda kimoja hupiga taarabu, cha pili singeli, cha tatu dansi la zamani. Abiria mmoja hutikisa kichwa akifuata mdundo. Jirani yake hukunja uso na kujifunika masikio kwa kanga. Sauti iliyowafikia ni ile ile, lakini kila mmoja ameipokea kwa namna yake. Pale kituoni jambo hilo hupita upesi, kwa kuwa anayekerwa hupanda basi na kuondoka.

Wodini hali ni tofauti. Chukulia mzee aliyevunjika mfupa wa paja, ambaye mguu wake umefungwa uzito wa kuuvuta mfupa na ambaye hatashuka kitandani kwa wiki kadhaa. Kitanda cha jirani kina kijana mwenye simu na kipaza sauti kidogo. Kijana anapumzika kwa muziki wake; mzee anazidi kukosa usingizi, shinikizo lake la damu linapanda, na siku ya tisa anadai aruhusiwe kurudi nyumbani kabla mfupa haujaunga. Faili lake linaandikwa kwamba ni mgonjwa asiye na ushirikiano. Mfano huu ni wa kufikirika, lakini mhudumu yeyote wa afya aliyefanya kazi Handeni au Korogwe ataitambua sura yake.

Makala haya yanaeleza kwa nini wasikilizaji hugawanyika kiasi hicho, lini mgawanyiko huo ni wa kawaida, na lini ni dalili ya ugonjwa. Kwa kuwa jambo huonekana vizuri zaidi pale lilipofikia ukomo wake, maelezo yanaanza na aina ya muziki ambayo imewagawa wasikilizaji kuliko nyingi nyingine: jazi huru na muziki unaobuniwa papo kwa papo.

Jazi ambayo Tanga haikuizoea

Neno jazi si geni mkoani Tanga. Watu wazima wa Handeni na Korogwe wanazikumbuka Atomic Jazz Band na Jamhuri Jazz Band, bendi za Tanga zilizovuma miaka ya 1960 na 1970. Hata hivyo, jazi hiyo ilikuwa dansi: magitaa yaliyojibizana, mdundo usioyumba, na nyimbo zenye ubeti na kiitikio. Mchezaji alijua mguu wake utatua wapi kabla haujatua.

Jazi huru ya Wamarekani Weusi ilikwenda njia nyingine. Novemba 1959, Ornette Coleman, mpiga saksafoni mzaliwa wa Fort Worth, Texas, alianza kupiga muziki katika klabu ya Five Spot jijini New York. Bendi yake iliacha kufuata mpangilio wa sauti uliokubaliwa mapema. Kila mpigaji alisikiliza wenzake na kuamua papo hapo aelekee wapi. Mtunzi Leonard Bernstein alimsifu. Mpiga tarumbeta Miles Davis alimbeza. Tarehe 21 Desemba 1960 Coleman alirekodi kipande kimoja cha takribani dakika 37 akiwa na makundi mawili ya wapigaji wanne wanne yaliyopiga kwa wakati mmoja. Januari 1962 jarida la DownBeat lilichapisha tahakiki mbili za rekodi hiyo. Mhakiki mmoja aliipa nyota tano, kiwango cha juu kabisa. Mwingine hakuipa hata nyota moja.

Wahakiki wote wawili walikuwa wasikilizaji wazoefu, waliolipwa kwa kazi ya kusikiliza. Kwa hiyo mgawanyiko huo hauwezi kuelezwa kwa kusema kwamba mmoja alikuwa na elimu na mwingine hakuwa nayo. Mwaka 2007 Coleman alitunukiwa Tuzo ya Pulitzer ya muziki, na bado wapo wapenzi wa jazi wasioweza kumsikiliza kwa dakika tano.

Kisa cha pili kinawagusa wasemaji wa Kiswahili kwa karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpiga kinanda Herbie Hancock aliongoza kundi la wapigaji sita waliojipa majina ya Kiswahili. Yeye aliitwa Mwandishi. Wenzake waliitwa Mchezaji, Jabali, Mwile, Pepo na Mganga. Mganga alikuwa Eddie Henderson, mpiga tarumbeta ambaye jina hilo lilimstahili kwa maana halisi: alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1968, na baadaye alitibu wagonjwa San Francisco huku akiendelea na muziki. Albamu iliyoitwa Mwandishi ilitoka mwaka 1971. Kipande chake cha kwanza kimejengwa juu ya mzunguko wa mapigo 15, hesabu ambayo mguu wa mchezaji wa dansi hauipati kwa urahisi. Baadhi ya wasikilizaji waliiona kazi hiyo kuwa kilele. Wengi zaidi waliikwepa. Mwaka 1973 Hancock alilivunja kundi, na mwaka huo huo akatoa albamu ya mdundo mzito wa kuchezeka iliyouzwa kwa wingi sana. Mtunzi hakubadilika, kilichobadilika ni kiasi ambacho msikilizaji aliweza kubashiri kinachofuata.

Sikio halichagui, ubongo huchagua

Kiswahili kimelipa sikio ngoma yake, na jina hilo ni sahihi kitabibu. Mawimbi ya sauti huipiga ngoma ya sikio. Vifupa vitatu vidogo hupeleka mtikisiko hadi sikio la ndani, ambako kuna kiungo kilichojikunja kama konokono. Ndani yake zimo seli zenye vinywele, takribani 15,000 katika kila sikio, zinazogeuza mtikisiko kuwa ujumbe wa neva. Seli hizi zikifa hazioti tena. Kufikia hapo, masikio mazima ya watu wawili hufanya kazi inayofanana sana.

Tofauti kubwa huanzia ubongoni. Ubongo hausubiri sauti ifike ndipo uitafsiri. Muda wote hubashiri sauti ijayo kwa kutegemea yale uliyoyasikia tangu utotoni. Ubashiri ukitimia, mtu hutulia. Ukikosewa kidogo kisha ukatimia, mtu hupata raha, kama msikilizaji anayengoja kiitikio kilichocheleweshwa kwa makusudi. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, Canada, walionyesha kwamba dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na kutarajia na kufurahia, hutolewa pale mtu anaposikiliza muziki anaoupenda, na kwamba sehemu ya ubongo inayohusika wakati wa kungojea kilele cha wimbo si ile inayohusika kilele kinapofika. Kwa maneno mengine, kungoja nako ni raha.

Muziki huru humnyima msikilizaji asiyeuzoea ngazi ya kupandia ubashiri huo. Hakuna pigo la kudumu wala kiitikio kinachorudi. Ubongo hubashiri na kukosea, hubashiri tena na kukosea tena. Kwa mtu mmoja hali hiyo ni mchezo wa kusisimua, hasa anapojua kwamba anaweza kuuzima muziki wakati wowote. Kwa mwingine ni tahadhari: mwili huichukulia sauti isiyotabirika kama dalili ya hatari, adrenalini huongezeka, moyo huenda mbio na misuli hukaza. Anaposema kwamba muziki huo unamchosha, anaeleza jambo linalotokea mwilini mwake kwa kweli.

Mazoea yana nguvu kubwa katika jambo hili. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba kukutana na kitu mara kwa mara, bila thawabu yoyote, mara nyingi hutosha kumfanya mtu akipende zaidi. Mwaka 2016 watafiti waliofanya kazi na Watsimane, wakazi wa misitu ya Bolivia ambao hawakukulia katika muziki wa Kimagharibi, waliona kwamba watu hao walizipokea sauti zinazopatana na sauti zinazogongana kama zenye utamu sawa. Hivyo kile ambacho sikio la mtu mmoja hukiita mgongano hakitokani na maumbile peke yake. Sehemu yake ni malezi.

Wapo pia watu wachache, wanaokadiriwa kuwa kati ya asilimia 3 na 5, ambao hawapati raha kutoka katika muziki wowote ingawa wanasikia vizuri na wanafurahia mambo mengine ya maisha. Watafiti wa Barcelona waliwaeleza watu hao mwaka 2014. Hawana sonona wala majivuno. Njia inayounganisha usikivu wao na sehemu za ubongo zinazoleta raha haifanyi kazi kwa namna ya wengine.

Masikio yaliyolelewa Handeni na Korogwe

Mhudumu wa afya anayetaka kumwelewa mgonjwa wake anapaswa kujua sikio hilo lililelewa na nini. Handeni ni nchi ya Wazigua, wenye ngoma ya selo; ng'ambo ya Korogwe kuna milima ya Wasambaa, ambao pamoja na Wabondei hucheza mdumange. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakawaleta wafanyakazi kutoka pande nyingi za nchi na nje yake, kila kundi na ngoma zake. Kwa hiyo wodi moja ya Korogwe inaweza kuwa na masikio yaliyolelewa na mila tano tofauti za muziki.

Kubuni papo kwa papo si jambo geni katika mila hizo. Mpiga ngoma kiongozi humtazama mchezaji na kubadili mapigo kufuata miguu yake. Mwimbishaji hutunga maneno kulingana na tukio na waliohudhuria. Katika taarabu ya Zanzibar, mpiga udi au fidla huweza kutangulia kwa taksimu, yaani kupiga peke yake bila mdundo wa kudumu kabla wenzake hawajaingia. Tofauti iliyopo ni kwamba katika ngoma kuna kitu cha kushikilia: ngoma ndogo inayorudia pigo moja, makofi, au kiitikio cha umati. Uhuru wa mmoja hubebwa na uthabiti wa wengi. Jazi huru mara nyingi humwacha msikilizaji atafute mwenyewe kilicho thabiti.

Mgawanyiko wa masikio nao si mgeni. Leo unaonekana katika singeli, muziki uliozaliwa Dar es Salaam na ambao kasi yake inaweza kupita mapigo 200 kwa dakika. Vijana huisikia kuwa ni nguvu. Wazee wengi huisikia kuwa ni fujo. Singeli ina mdundo thabiti sana, kinyume cha jazi huru, lakini kwa sikio lisiloizoea matokeo hufanana: ubongo unashindwa kushika kinachopita, na mwili unaingia katika tahadhari.

Kutokana na hayo, mambo mawili yanapaswa kukubaliwa na kila mhudumu. Kutopenda muziki fulani si ujinga wala ukorofi. Na kupenda muziki ambao wengine wanauona kuwa kelele si dalili ya wazimu.

Lini kukerwa na sauti ni dalili

Tofauti ya ladha hukaa na mtu kwa miaka na haimdhuru. Kinachopaswa kumshtua mhudumu ni badiliko: mtu aliyependa muziki sasa haustahimili, au sauti za kawaida zimeanza kumtesa. Yafuatayo yanastahili kuchunguzwa.

Upotevu wa usikivu. Seli zenye vinywele zinapopungua, sauti ndogo hupotea lakini sauti kubwa huendelea kuumiza, na pengine huumiza zaidi kuliko zamani. Mzee husema, "Sema kwa nguvu," kisha baada ya kupaziwa sauti hukasirika na kusema, "Mbona unanipigia kelele?" Huyo si mkorofi. Muziki kwake hufika ukiwa umekatika, sauti nzito zikivuma bila maneno. Mtoto mwenye usaha sikioni naye huweza kupoteza usikivu polepole bila mzazi kutambua.

Madhara ya dawa. Katika ukanda wenye malaria, kizazi kizima kimepata kuijua kwinini na mlio wake masikioni. Mlio wa kwinini kwa kawaida huisha dawa inapokwisha. Dawa za sindano za jamii ya streptomisini, gentamisini na amikasini zinaweza kuharibu sikio la ndani moja kwa moja, hasa zikitumika kwa muda mrefu au kwa mgonjwa mwenye figo dhaifu. Mgonjwa anayetumia dawa hizo na kuanza kusikia mlio, kuona kizunguzungu au kukerwa na sauti amweleze mhudumu siku hiyo hiyo. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Kipandauso. Wakati wa shambulio, sauti na mwanga huwa mateso. Mtu anayejifungia chumbani harusini kwa sababu ya ngoma huenda ana maradhi yanayotibika.

Usikivu uliopita kiasi na misofonia. Katika hali ya kwanza, sauti za kawaida huonekana kubwa mno au huuma. Katika misofonia, sauti mahususi, kama vile za kutafuna au kubofya kalamu, huamsha hasira au karaha kali isiyolingana na ukubwa wake. Jina misofonia lilianza kutumika mwaka 2001, na wahudumu wengi bado hawajalizoea.

Usonji. Mtoto mwenye usonji anaweza kuziba masikio na kulia kwa sauti ambazo wenzake hawazijali, na wakati huo huo akavutwa sana na sauti moja anayoipenda. Kumlazimisha azoee kwa nguvu humwongezea hofu.

Kifafa. Kwa watu wachache sana, degedege huchochewa na muziki. Hali hii ni adimu, lakini hapa kuna hatari ya pekee. Katika jamii ambamo ngoma hutumika pia kwa matibabu ya pepo, mtu anayeanguka ngoma inapolia anaweza kutafsiriwa kwa namna moja tu. Mhudumu hana haja ya kubishana na imani ya familia. Aulize: je, huanguka pia mahali pasipo na ngoma? Huuma ulimi? Hujikojolea? Baada ya hapo huchanganyikiwa au hulala usingizi mzito? Jibu la ndiyo katika maswali haya ni sababu ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya wilaya na, inapobidi, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo mjini Tanga.

Magonjwa ya akili na ya ubongo. Anayesikia muziki au sauti ambazo hazipo, au mzee ambaye ladha yake ya muziki na tabia yake vimegeuka ghafla, anahitaji uchunguzi na hastahili kuchekwa.

Muziki kama tiba: unachoweza na usichoweza

Muziki uleule unaowagawa wasikilizaji ukumbini umepata kazi kliniki. Mwaka 1959 huko Uingereza, mtunzi Paul Nordoff na mwalimu Clive Robbins walianza kufanya kazi na watoto wenye ulemavu kwa muziki wa kubuniwa papo kwa papo. Mtoto alipiga ngoma alivyotaka, na mpiga piano alimfuata. Mtoto asiyezungumza alipogundua kwamba kila pigo lake linajibiwa, mazungumzo yalikuwa yameanza. Hapo hakuna sauti iliyokosewa, na ndiyo faida ya muziki huru kwa mgonjwa: hauhitaji ustadi.

Ushahidi wa utafiti unatia moyo, lakini una mipaka. Nchini Finland, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwahusisha watu 79 wenye sonona. Waliopewa tiba ya kubuni muziki pamoja na matibabu ya kawaida walikuwa na nafuu kubwa zaidi baada ya miezi mitatu kuliko waliopewa matibabu ya kawaida pekee. Baada ya miezi sita tofauti hiyo haikuwa tena ya uhakika kitakwimu. Mwaka 2017 utafiti mkubwa wa watoto 364 wenye usonji katika nchi tisa haukuonyesha kwamba tiba ya aina hiyo inapunguza ukali wa dalili zao kuliko huduma ya kawaida. Mzazi anayeahidiwa kwamba muziki utaponya usonji anapotoshwa.

Kusikiliza muziki nako kuna nafasi yake. Mapitio ya tafiti 26 zilizohusisha wagonjwa 2,051 wanaosubiri upasuaji, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba muziki unaweza kupunguza wasiwasi wao. Huduma hiyo haihitaji mashine ya gharama. Inahitaji simu, vifaa vya kusikilizia, na mgonjwa aliyeulizwa anataka nini. Kuulizwa huko hakupaswi kupuuzwa, kwa sababu muziki uliochaguliwa na mwingine unaweza kuwa mzigo mpya juu ya maumivu ya zamani.

Wodini na nyumbani: nini kifanyike

Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Na ngoma ya kwanza kupata hasara ni ya msikilizaji. Sauti ya desibeli 85, inayokaribia kelele za barabara yenye magari mengi, haipaswi kusikilizwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila inapoongezeka desibeli 3, muda salama hupungua kwa nusu: desibeli 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa 1, na 100 kwa dakika 15 tu. Bila kipimo, kanuni ni hii: kama watu wawili waliosimama umbali wa mkono mmoja wanalazimika kupaza sauti ili wasikilizane, mahali hapo pana kelele inayoweza kudhuru. Anayetoka katika muziki akiwa na mlio masikioni ameshapata onyo.

Kwa wodi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unapendekeza wastani wa sauti usiozidi desibeli 30 usiku, na vilele visivyozidi 40. Kiwango hicho ni cha chini kuliko mazungumzo ya kawaida. Redio ya wodi inayopigwa usiku, hata kwa nia njema, hukivuka.

Wahudumu wa afya wanaweza kuanza na hatua zisizo na gharama. Kwanza, swali la sauti liingizwe katika mazungumzo ya kumpokea mgonjwa, pamoja na chakula na usingizi: muziki gani humpumzisha, na sauti gani humkera. Pili, anayetaka muziki atumie vifaa vya masikioni, kwa sauti isiyosikika na jirani. Tatu, chumba cha kujifungulia, chumba cha wagonjwa mahututi na kitanda cha mgonjwa mwenye pepopunda vilindwe dhidi ya kelele, kwani kwa mgonjwa wa pepopunda sauti ya ghafla inaweza kuamsha mkakamao wa misuli. Nne, mgonjwa anayelalamikia sauti apimwe masikio kabla ya kupewa sifa ya ukorofi.

Wagonjwa na ndugu nao wana sehemu yao. Mgonjwa ana haki ya kusema kwamba sauti fulani inamuumiza, bila kuona haya kwamba ataonekana mwenye roho mbaya. Ndugu anayetaka kumfariji mzee wake kwa nyimbo amwulize kwanza, na asishangae akiambiwa kwamba faraja anayoitaka siku hiyo ni kimya.

Mzee wa mfano ule wa mwanzo bado yupo kitandani. Siku ya 10 muuguzi wa zamu anavuta kigoda, anakaa upande ambao mzee anaweza kumwona uso, na kumwamkia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Muziki ule wa jirani unakusumbua?"

"Muziki? Mimi nasikia ngurumo tu. Usiku kucha ngurumo."

Jibu hilo limebadilisha kila kitu. Malalamiko yaliyodhaniwa kuwa ya ladha yamegeuka kuwa dalili. Masikio yanachunguzwa, na nta iliyoziba sikio moja inalainishwa na kuondolewa. Sikio la pili linaandikiwa rufaa ya kupimwa usikivu. Kijana anapewa vifaa vya masikioni na anaendelea na singeli yake. Mzee analala, na hadai tena kuruhusiwa kabla ya wakati. Wawili hao hawatakubaliana kamwe juu ya kipi ni muziki, na hakuna sababu ya kuwalazimisha. Paja linahitaji wiki zake lipone, na wiki hizo sasa zinawezekana.